Na Kina Mama wa Jikoni

Zamani mashemeji wa Sengerema na Geita walikuwa na udhuru mtakatifu wa kufika Krismasi saa kumi jioni: foleni ya kivuko pale Kigongo. Tuliwapa pole, tukawapa na shingo za kuku zilizosalia. Juni 2025 likafunguliwa Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 hivi juu ya maji ya Ziwa Victoria, na sasa wanatukuta mchele haujachambuliwa. Tunaishukuru serikali. Kuku ndio hawajatoa tamko.

Wakishashiba, huanza zamu ya shukrani. Baba mdogo, aliyeshuka na ndege kutoka Dar, hupigiwa makofi ya kilo kwa kutuma hela ya mbuzi. Nusu ya hela, kwa kweli, nusu nyingine ipo njiani. Anashukuriwa kwa jina, kwa cheo, kwa jina la kampuni. Wanawake walioamka alfajiri kuwahi sato mwaloni, wakawaparua magamba mpaka mikono ikachubuka, hushukuriwa wote kwa mkupuo: "Na kina mama wa jikoni." Majina yao nadhani yalipotelea kwenye moshi.

Shangazi wa Ukerewe, ambaye bado huja kwa meli na hana daraja la kumharakisha, akapewa nafasi ya neno. Akamshukuru Mungu, akawashukuru wapishi mmoja mmoja, kisha akamgeukia mgeni rasmi:

"Mdogo wangu, na ile nusu nyingine ya mbuzi, bado ipo Morogoro?"