Heshima ya Asilimia Kumi

Ami yangu mpenzi, na jamaa wote wa baraza ya Jaws Corner, Unguja,

Napenda mjue kuwa mwana wenu amepandishwa cheo. Cheo chenyewe hakikutoka serikalini wala chuoni, bali kimetoka kwa kampuni moja ya meli za tafrija zing'oazo nanga Miami, nacho kimeandikwa kwa wino wa rangi ya dhahabu katika waraka niliowekewa juu ya mto wa kulalia, waraka ambao unasema, kwa taadhima iliyonifanya niusome mara mbili mbele ya mke wangu na mara ya tatu mbele ya kioo, kwamba maadamu mimi ni mwanachama mwaminifu, kampuni inanitunuku punguzo la asilimia 10 katika spa ya melini.

Uaminifu huo hupimwa kwa usiku. Kila usiku mtu anaolala majini huandikiwa nukta moja, na aliyekodi chumba kikubwa chenye sebule huandikiwa mbili, ingawa usingizi ni ule ule. Nukta zikikithiri mtu hupanda daraja, na kila daraja lina rangi ya kadi yake na takrima yake, kuanzia chupa ya maji hadi mlango makhsusi wa kupandia melini. Msicheke. Nimewaona wazee wenye mvi na heshima zao wakiziweka sawa kadi zilizowaning'inia shingoni ili rangi itazame mbele, na nimejiona mimi nafsi yangu nikiigeuza yangu itazame tumboni, kwa sababu rangi yangu ni ya daraja ambalo chini yake limebaki moja tu.

Basi siku ya kwanza ambayo meli ilikuwa inakata maji bila ya kutia nanga popote, nilikwea hadi sitaha ya juu iliko spa, nikauweka waraka wangu mezani na kungoja kusimamiwa. Binti aliyekuwa hapo aliusoma kwa adabu, kisha akanifungulia sharti zake moja baada ya moja. Punguzo halishiki katika ukandaji ulio chini ya dakika 50. Halishiki katika nywele wala kucha. Halishiki katika tiba ya sindano za Kichina. Haliunganishwi na punguzo jingine lolote. Na, hili ndilo lililoniduwaza, hushika katika siku za baharini tu, ambazo abiria wote wamo melini, vitanda vya kukandia vinagombewa, na bei iko juu ya mlingoti. Ama siku ambazo meli imefunga bandarini, watu wameteremka kununua kofia na spa imebaki tupu, mpita njia yeyote, asiye na nukta wala rangi, hukaribishwa kwa bei ya chini kuliko ile ya mwaminifu. Nami pia ningeweza kuja siku hiyo kama watu wengine, ila ningelazimika kukiacha cheo changu chumbani.

Mtu aliyezaliwa Unguja hawezi kuiona bei bila ya kuijibu. Nilijaribu kupatana, kwa upole, nikasifu pazia, nikauliza habari za nyumbani kwao, nikajifanya naondoka na kurudi. Binti alitabasamu wakati wote, na bei haikutikisika. Ilikuwa dola 199. Nikapewa punguzo langu la dola 19 na senti 90, nikatia saini kwa madaha, na jioni hesabu ilipotokea nikaona kuwa bakhshishi ya asilimia 18, ambayo hutozwa bila ya mtu kuulizwa, imekokotolewa juu ya bei ya asili, si juu ya bei ya heshima, kwa hiyo nimelipa jumla ya dola 214 na senti 92. Mke wangu, ambaye hesabu huzifanya kwa macho, aliniuliza ingekuwaje lau wangenipenda zaidi.

Hapo nadhani Ami atauliza kwa nini mtu mzima, mwenye akili aliyoiacha nyumbani ikiwa salama, ahangaike na asilimia 10 za watu. Jawabu ni kwamba mara ya mwisho nilipokuja, nikiwa na pasi mpya ya buluu ya Kimarekani, karani wa tiketi za boti pale Dar es Salaam alinitoza nauli ya mgeni, kwa dola, nami nikanung'unika kwa Kiswahili cha Mkunazini kisicho na doa, naye akanijibu kwa Kiingereza. Basi mtu aliyefutiwa nauli ya mwenyeji na wenyeji wake msimlaumu akionekana amekumbatia waraka wa dhahabu katika bahari ya Karibi.

Fauka ya kukandwa, waraka ulinipa ruhusa ya kuingia katika vyumba vya mvuke na moto. Humo mna hamamu wanayoinadi kuwa ya Kituruki. Nikamweleza mhudumu kwamba sisi tunayo ya Kiajemi aliyoijenga Seyyid Barghash, aliyetawala toka 1870 hadi 1888, naye akauliza kama maji yake ni moto, nikalazimika kukiri kuwa hayana umoto wala ubaridi, kwani hayamo. Mbele ya hamamu vimepangwa viti virefu vya vigae, vimejengwa kwa mkunjo wa mgongo wa mtu, na ndani yake mmepitishwa joto, nao watu wamevilalia wamefumba macho, wamelipa. Kwa hakika hiyo ni baraza ya mawe ya saa nane mchana, ile ambayo tukiikalia bila ya jamvi hunyanyuka kwa ukelele, na tofauti niliyoiona ni kuwa hapa hakuna kahawa, hakuna bao, na haruhusiwi mtu kusema.

Pembeni kuna chumba cha theluji. Naam, theluji: imetengenezwa kwa mashine, imerundikwa ukutani, baridi chini ya sifuri, ili mtu akitoka motoni ajipake. Mnajua kwamba mimi naishi Minneapolis, ambako nilikuwa nimeikimbia theluji ya Februari kwa ndege, baada ya kuifukua gari yangu kwa sepetu. Nikasimama ndani ya kile chumba nikiwa na taulo tu, nikitetema, na kwa kuwa kilikuwa kimo katika bei nilikaa hadi mwisho.

Mkandaji alinitanguliza kwa masuali ya kwenye kioo cha kompyuta: nalala vipi, naumwa wapi, napenda nguvu kiasi gani. Nikajibu nguvu nyingi, kwa ushaufu. Kiwiko chake kilipofika chini ya bega nilisahau lugha zote za kuazima nikalia, "Mama yangu we!" Kiwiko kikasita. "Ami watoka wapi?" Alikuwa binti wa Kisauni, Mombasa, aliyeko melini kwa mkataba, nami nilikuwa nimejiandaa kuitwa kaka. Tuliongea habari za mahamri na mbaazi muda wote uliobaki, na hilo, Ami, ndilo jambo pekee ambalo sikuzijutia senti zake.

Kazi yake, hata hivyo, haiishi kwa kukanda. Mtu akishavaa humletea chupa na kopo na kumhubiria, na msimamizi alikuwa akipita nyuma ya pazia, kwa hiyo binti akapaza Kiingereza chake kunieleza fadhila za marhamu ya mwani yenye bei ya dola 98, mwani, nawaambieni, kana kwamba sijapata kuwaona mama zetu wa Paje na Jambiani wameinama katika maji kupwa baada ya kupwa wakiufunga kambani. Pumzi ilipomwishia akainama akaninong'oneza, "Usinunue, ami. Mafuta ya nazi yatosha."

Siku tuliyotia nanga Cozumel mimi niliteremka kutafuta kofia. Mke wangu, aliyekataa tangu mwanzo kujiandikisha uanachama akisema hataki barua za watu, alibaki melini, akaingia spa bila ya waraka, akakandwa kichwa, mgongo na nyayo kwa dola 129, na nilipomuuliza alijibu kuwa hakuona haja ya kunisumbua, kwa vile mimi nina cheo.

Akipatikana mtu anayekuja huku, mpeni chupa ya mafuta ya nazi, na aifunge vyema, kwani ile ya mwaka uliopita ilifika yote ndani ya kanzu. Ila Bi Mkubwa msimtajie hizo dola 214, maana atazigeuza mapolo ya mchele kabla hamjamaliza kusema, na jawabu yake itakuja kwangu.