Tufungieni Kifaa, Ila Kihesabu Pande Zote Mbili

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi,
Kampala.

YAH: OMBI LA KUFUNGIWA KIFAA CHA TOZO YA BARABARA, KASESE HADI BWERA

Mheshimiwa,

Sisi wenye taksi wa njia ya Kasese, Kikorongo na Bwera tunakusalimu kwa heshima zote. Injini tumezizima, tusije tukamaliza mafuta kabla ya kumaliza barua.

Habari za maendeleo zimetufikia. Ndugu zetu wa Kampala wanatuambia kwamba kwenye barabara ya mwendo kasi ya Entebbe, yenye kilomita 51 ukijumlisha tawi la Munyonyo, dereva halazimiki kuchomoa sente mfukoni. Kuna kibandiko cha kielektroniki cha kubandika ndani ya kioo cha mbele. Unakijaza fedha mapema. Ukikaribia lango, mashine inakisoma kwa mawimbi ya redio, kizuizi kinanyanyuka na salio linashuka. Gari dogo shilingi 5,000, lori kubwa 18,000. Tozo hiyo ilianza Januari 2022, na msimamizi wake ni kampuni ya Egis ya Ufaransa. Yaani mtu anatozwa kwa ustaarabu wa Kizungu na hata dirisha hafungui.

Tuliposikia hayo, wivu ulitushika. Sisi nasi ni Waganda. Kwa nini tuendelee kutozwa kishamba? Ndipo tukaamua kukuandikia.

Tunajua wataalamu wako watauliza swali moja: njia mbadala iko wapi? Anayekwenda Entebbe akiona 5,000 ni nyingi, anakata kona na kupita barabara ya zamani ya Kajjansi, bure, pamoja na foleni yake. Tumelichunguza jambo hilo upande wetu na majibu yanaridhisha. Atakayeikataa barabara ya Bwera anaweza kukatiza mbuga ya Queen Elizabeth kwa miguu, akiwaomba radhi simba. Anaweza kupanda mtumbwi Ziwa Edward, akiwaomba radhi viboko. Au apitie juu, kwenye Rwenzori, ambako kilele ni mita 5,109 na hakuna foleni kabisa. Njia mbadala ni tatu, Mheshimiwa, na Entebbe wana moja tu.

Uwezo wa kulipa pia usikutie wasiwasi. Tuna uzoefu. Kifaa chetu cha kwanza cha tozo ni mpira wa pampu ya mafuta. Tangu Julai 2024, kila lita ya petroli imebeba ushuru wa shilingi 1,550. Chukulia taksi inayokunywa lita kumi kutoka Kasese hadi Bwera na kurudi: hizo ni shilingi 15,500 za Serikali kabla abiria wa kwanza hajauliza chenji yake. Malango matatu ya Entebbe, na hatujaona hata lango moja. Tena mpira huo ni mwaminifu kuliko mtambo wowote: anayekwenda mbali analipa zaidi, anayelaza gari hakatwi, na hakuna anayeruka foleni.

Kifaa cha pili ni mkono. Huu hauna bei ya kubandikwa ukutani, lakini unafahamika. Gari linasimamishwa, leseni inakaguliwa kwa umakini mkubwa, kizima-moto kinaulizwa tarehe ya kuzaliwa, kisha mazungumzo yanahamia kwenye jua lilivyo kali na koo lilivyo kavu. Wenye mikono hiyo hatutawataja. Wengine ni wateja wetu siku za mapumziko. Tunachosema ni kwamba utaratibu huu umepitwa na wakati na unachelewesha samaki wa watu wanaowahi soko la Mpondwe, mpakani na Kongo.

Kwa hiyo tunaomba kibandiko kitakachosomwa kwa mbali na kila kizuizi cha ukaguzi barabarani. Gari lisisimame. Chai ikatwe yenyewe, na dereva apokee ujumbe kwenye simu: "Asante kwa kuwajali wenye kiu. Salio lako ni shilingi 3,000. Safari njema." Faida ni nyingi. Abiria watafika mapema. Dereva atapata risiti, jambo ambalo halijawahi kutokea. Na Mamlaka ya Mapato itaweza kutoza VAT ya asilimia 18 kwenye biashara ambayo hadi leo inaendeshwa bila hata kusajiliwa.

Usidhani tunaogopa vyombo vya kielektroniki. Huku mpakani tumevizoea. Malori ya transiti yanayotoka Mombasa kwenda Kongo hupita hapa Mpondwe yakiwa na lakiri za kielektroniki za mfumo wa kufuatilia mizigo ambao Kenya, Uganda na Rwanda wanautumia kwa pamoja tangu 2017. Lori likisimama kwenye foleni, aliyeketi ofisini Kampala anaona kwenye skrini kwamba limesimama. Kwa nini limesimama, dereva amekula nini na amelala wapi, hayo lakiri haisomi.

Kisha vikaja vibao vipya vya namba vyenye chombo cha kufuatilia gari, kwa mkataba uliotiwa saini mwaka 2021 na kampuni ya Urusi: shilingi 150,000 kwa gari lililo barabarani tayari, 50,000 kwa bodaboda. Na Juni 2025 zikaja faini za kamera, 200,000 kwa aliyezidisha mwendo na 600,000 kwa aliyezidisha sana, hata pale palipoamuliwa kwamba mwendo halali ni kilomita 30 kwa saa. Makelele yalikuwa makubwa hadi mpango ukasimamishwa mwezi huohuo. Sisi hatukupiga kelele, Mheshimiwa. Kuna mahali huku ambapo ukiweza kufikisha kilomita 30 abiria wanakupigia makofi.

Lakini tukivipanga vyombo hivi vyote mezani tunaona vina ugonjwa mmoja. Vinamtazama dereva tu. Mwendo wake vinaujua, deni lake vinalijua. Hakuna hata kimoja kinachoitazama barabara aliyouziwa. Tozo ni biashara: mmoja anatoa fedha, mwingine anatoa njia. Mizani ya soko la Mpondwe ina sahani mbili, na mwenye mizani ya sahani moja hapati mteja wa pili.

Kwa hiyo tunakubali kufungiwa kifaa, kwa masharti yafuatayo:

1. Kila gurudumu likizama shimoni, kifaa kirudishe shilingi 500 kwenye salio la dereva. Likizama mara ya pili katika shimo lilelile mwaka unaofuata, kirudishe 1,000, kwa sababu sasa hilo ni mali ya kudumu ya Serikali.

2. Mvua ikikata njia, saa za kungoja zihesabiwe kwa bei ya maegesho ya Kampala. Mei 2020 mto Nyamwamba, huku kwetu Kasese, ulivunja kingo, ukasomba madaraja ya Kilembe na kuwahamisha wagonjwa kutoka hospitalini. Mto haukuomba kibali wala haukulipa tozo, na hadi leo hatujasikia kamera iliyoupiga picha.

3. Tembo wakisimama katikati ya barabara, hasara tugawane nusu kwa nusu. Wale ni wa utalii, na utalii ni wetu sote.

4. Mafundi wa ukarabati nao wafungwe kibandiko, ili tujue wametoka Kampala lini, wamefika wapi, na kwa nini wamesimama hapo.

Tunakumbusha kwamba tarehe 16 Juni 2021 Rais Museveni na Rais Tshisekedi walikutana hapahapa Mpondwe kuzindua ujenzi wa kilomita 223 za barabara ndani ya Kongo, na sehemu ya gharama imetoka kwenye hazina yetu. Tulipiga vigelegele, na bado tunafurahi. Jirani akipata lami tunauza zaidi. Ila kodi yetu iliyojua kuvuka mto Lhubiriha wa mpakani bila pasipoti haiwezi kushindwa kufika Kikorongo.

Tangu UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, ivunjwe mwishoni mwa 2024 na kazi zake kurudishwa kwako, hakuna tena wa kusukumiwa barua hii. Tunakuomba ututumie fundi akiwa na vibandiko viwili. Kimoja abandike kwenye taksi, tutakilipia wenyewe. Cha pili akibandike kwenye gari lako rasmi, kisha uje Bwera siku ya soko, saa nne asubuhi, bila ving'ora. Jioni tutalinganisha masalio mbele ya wananchi, na mwenye deni alipe.

Wako watiifu,
Wenye taksi, steji ya Bwera

T.B. Tumesikia kuna magari yanayosamehewa tozo. Hatuna kinyongo nayo. Tunaomba tu orodha yake ibandikwe langoni kwa herufi kubwa, ili anayelipa ajue anamlipia nani.