Kuku Wamepona, Asante Iko Wapi?

Mimi napenda kushukuriwa. Nalisema mapema ili wale watakaonijia na "tenda wema nenda zako" wapunguze mwendo. Methali hiyo naijua, nimeiimba shuleni mpaka koo likakauka. Lakini aliyeitunga nadhani alimvusha mtu mto, wakaachana ukingoni, kila mmoja akashika njia yake. Hakuwa na simu ya kumwonyesha kwamba yule aliyevushwa yuko hewani, ujumbe ameusoma, na hivi sasa anaandika. Anamwandikia mtu mwingine.

Nina banda la kuku nyumbani Kibaha, na kwa sababu ya banda hilo nimejikuta kwenye makundi ya WhatsApp ya wafugaji. Tangu 2022 kundi moja linaweza kubeba watu 1,024, na wengi wetu hatujuani hata kwa salamu. Picha zetu za wasifu ni maua, aya za vitabu vitakatifu na magari ya watu wengine. Hao ndio majirani zangu wa usiku.

Nasema usiku kwa sababu kuku wa mtandaoni huanza kuumwa baada ya taarifa ya habari ya saa mbili. Mchana kutwa kundi linauziana pumba na mashudu kwa amani, ikifika saa nne usiku mtu anaibuka: "Wadau naombeni msaada wa haraka, kuku wangu wanakufa." Basi, ameishia hapo. Hasemi wako wangapi, wana umri gani, wala wanaonyesha dalili gani. Ukiwa na bahati anatuma na picha: giza, na katikati ya giza kitu ambacho ni kuku au ni kandambili.

Mwenye busara hapo huzima simu akalala. Mimi hukaa kitako. Nauliza: wana wiki ngapi? Wamechanjwa nini? Wanahara rangi gani? Mke wangu, aliye pembeni yangu akijaribu kulala, anaona haya si maongezi ya chumbani, lakini rangi ndiyo habari yenyewe. Kinyesi chenye damu kwa vifaranga kinanifanya nishuku koksidiosisi, na hiyo ina dawa. Kikiwa cha kijani na shingo zimeanza kupinda, nahofia kideri, wengine hukiita mdondo, ambacho hakina dawa bali kinga tu. Cheupe cha majimaji kwa vifaranga wa wiki tatu hadi sita kinaleta gumboro kwenye orodha, na kirusi cha gumboro hakiogopi antibayotiki hata ukiinunua kwa debe.

Kwa hiyo nauliza rangi, nasubiri. Mwenye kuku anajibu: "Wanahara kawaida tu kaka."

Dada mmoja nilimpata hivyo hivyo. Baada ya kuvutana sana ikajulikana kwamba vifaranga wake wana wiki nne na wanahara cheupe. Kuhusu chanjo akaniuliza kwa heshima zote, "Chanjo ya nini tena, na wao bado wadogo?"

Nikamwandikia. Nilianza na ya dharura: watenge wagonjwa, wasafishie vyombo, waliokufa wafukie wala usiwatupe jalalani, na kukicha mwite afisa mifugo wa kata. Kisha nikamwekea ratiba ya vifaranga wanaofuata: siku ya 7 kideri, siku ya 14 gumboro, siku ya 21 kideri tena, siku ya 28 gumboro tena, ndui kati ya wiki ya sita na ya nane, na kideri irudiwe kila miezi mitatu. Nikaongeza kwamba chanjo ya maji haichanganywi na maji ya bomba yenye klorini, maana klorini inaiua. Kwamba kuku wanyimwe maji saa moja au mbili kabla, ili chanjo ikiletwa wainywe yote upesi. Na kwamba kazi hiyo ifanyike asubuhi au jioni, jua likiwa limepoa. Dole gumba langu ni nene na kioo cha simu kina ufa, hivyo "vifaranga" nikaandika "vifarnga". Nikatuma.

Kimya.

Kisha akajitokeza bwana mmoja mwenye picha ya miwani ya jua. Akaandika maneno machache: "Wape alovera na pilipili kichaa, ndiyo kiboko yao."

Dada akajibu papo hapo: "Ubarikiwe sana dokta, Mungu akuzidishie, watu kama nyie ni wachache!" Akamalizia kwa mikono ya sala, mistari miwili mizima. Jibu langu likabaki pale juu kama mgeni aliyefika harusini bila kadi.

Tangu hapo nimekuwa nikichunguza malipo yanayotolewa mtandaoni kwa mtu aliyejibu vizuri. La kwanza ni dole gumba, ambalo halikupi hata sekunde ya kujisikia. La pili ni "Sawa", linalosomeka kana kwamba mimi ndiye niliyeomba ruhusa. La tatu ni "Na bata je?", ambalo hukuambia kwamba zamu yako haijaisha. Yupo anayeandika "Ndefu sana, fupisha", naye huwa ndiye mwenye kuku wengi wagonjwa. Yupo anayenifuata pembeni kuuliza dawa nauza bei gani. Nikimwambia siuzi, ananiona mtu wa ajabu, tena wa kuogopwa. Na hakosi admini wa kunikumbusha mbele ya kadamnasi kwamba matangazo ya biashara ni Jumamosi tu.

Nisingelalamika kama maneno yangu yangekuwa hayana kazi. Tatizo ni kwamba yana kazi nyingi kuliko mimi. Siku moja shangazi yangu wa Muheza, ambaye hafugi hata njiwa, alinitumia ujumbe wenye ile mishale miwili ya kuonyesha kwamba umeshazungushwa sana. Nikaufungua. Siku ya 7 kideri, siku ya 14 gumboro. Klorini ilikuwemo, jua kupoa ilikuwemo, na "vifarnga" wangu walikuwemo vilevile bila irabu yao. Jipya lilikuwa mstari mmoja uliopachikwa katikati, "Siku ya 10: alovera", na chini kabisa namba ya simu na maneno "Imeandaliwa na Dokta wa Kuku, ushauri kwa malipo nafuu." Ile miwani ya jua niliitambua kabla sijaikuza picha.

Nikampigia shangazi kumweleza kwamba mwandishi ni mimi. Akanisikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu, halafu akasema kwa upole: "Sawa baba. Lakini na wewe mfuate huyo bwana, ujifunze. Usifuge kwa kubahatisha."

Hapo mtu mwingine angejitoa kwenye makundi yote. Mimi nilibaki, na kwa kubaki nikagundua jambo ambalo limenipunguzia machungu. Wanaorudi kundini ni wale ambao kuku wao wamekufa. Hao hurudi na picha, tarehe na lawama, wakitaka kujua ni nani aliyewashauri. Yule ambaye banda lake limetulia harudi, maana hana shida, na anayeingia mtandaoni usiku bila shida ni mimi peke yangu. Kuku aliyepona hatoi taarifa. Anakula, anataga, na mwenye kuku anasahau kwamba aliwahi kulia. Kwa hesabu hiyo kimya kinachofuata jibu langu ndiyo ripoti yangu ya daktari, na naweza kukisoma kwa matumaini.

Hata hivyo kimya hakikufanyi uvimbe kichwa, na mimi nilisema tangu mwanzo ninachopenda.

Miezi ikapita mingi. Jumamosi moja, siku halali ya matangazo, yule dada wa kuhara cheupe akaibuka kundini na picha safi, mchana kweupe: kuku wanene, viota vya boksi, trei za mayai zimepangwa hadi dirishani. Tangazo lake lilisema: "Mayai ya kienyeji, trei elfu kumi na tano. Kuku wetu wamechanjwa siku ya 7, 14, 21 na 28. Maji hayana klorini." Alovera haikutajwa popote. Nikalisoma tena na tena, kisha nikamwonyesha mke wangu, akasema alijua tu.

Nikamfuata dada pembeni. Nikajitambulisha kwa unyenyekevu kwamba mimi ni yule kaka wa ratiba ya chanjo, tena nafurahi kuona kuku wamenawiri. Nikauliza kama kwa mtu kama mimi bei ingeweza kushuka kidogo.

"Bei ni moja kwa wote kaka," akajibu. "Chakula kimepanda."

Nikaagiza trei mbili. Nikatuma fedha kwa simu, na kabla hata meseji ya muamala haijanifikia, yakaingia maneno ambayo nilikuwa nayadai tangu usiku ule: "Asante sana kaka yangu, Mungu akuzidishie, ubarikiwe wewe na nyumba yako!" Mikono ya sala ilijaa mistari mitatu, mmoja zaidi ya ile ya bwana wa miwani.

Kwa hiyo bei naijua: asante ni elfu thelathini, na bodaboda unajilipia mwenyewe.