Mgeni Aliyeletwa kwa Gari Moshi

Wapiti wa mji wa Estes Park hawakujileta. Wawindaji waliokuwa wakiuza nyama mjini Denver walishawamaliza katika milima ya huko Colorado, Marekani, ndipo wakazi na idara ya misitu wakaagiza wengine 49 kutoka eneo la Yellowstone mwaka 1913 na 1914. Wakapandishwa gari moshi, wakapokewa kwa furaha.

Wapiti ni jamii ya kulungu, ila huyu dume lake huzidi kilo 300. Mbwamwitu na dubu wakubwa waliokuwa wakimsumbua walishauawa, na katika hifadhi ya taifa iliyoanzishwa hapo jirani mwaka 1915 kuwinda ni marufuku. Kazi ikabaki kula na kuzaana, nayo wakaifanya kwa bidii. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wamemaliza zaidi ya karne, jembe hawalijui, lakini bustani za watu wanazipalilia kwa meno mpaka ua la mwisho.

Septemba ndiyo balaa. Msimu wa kupandana ukifika, dume hupiga mluzi mwembamba unaopanda hadi kutoboa masikio, kisha humalizia kwa miguno. Anaweza kuupigia katikati ya uwanja wa gofu, na wachezaji watasubiri amalize mambo yake. Akiliona gari ni mpinzani, bima itajua.

Watalii nao! Sheria ya hifadhi inataka mtu akae umbali wa mita 23 hivi, lakini simu ikishakuwa mkononi, woga wote aliozaliwa nao binadamu huyeyuka. Kuna kikosi cha watu wa kujitolea ambao kila vuli husimama barabarani kuwaelekeza wageni na kuwarudisha nyuma. Wapiti wenyewe hawahitaji kuelekezwa. Wanajua wanakokwenda, na kwa kawaida ni kwenye nyasi za mtu.

Pembe ndizo huwaponza. Hudondoka kila mwaka mwishoni mwa baridi, zikaota upya, na zikikomaa dume huzisugua popote: vichaka, miti michanga, bembea ya watoto, nyavu za goli, taa za Krismasi. Maofisa wa wanyamapori wa Colorado huwakumbusha watu kila mara waondoe vitu hivyo uani, kwa kuwa wao ndio huitwa kumvua mnyama mapambo asiyoyataka.

Mashuhuri kuliko wapiti wote wa Colorado alivaa tairi. Alionekana nalo shingoni Julai 2019, huenda alilivaa akiwa bado hana pembe, na kwa miaka miwili akawa anaibuka na kutoweka kama mdaiwa. Tarehe 9 Oktoba 2021, baada ya majaribio kadhaa kushindikana wiki ileile, maofisa walimpata karibu na Pine, Colorado, wakamchoma sindano ya usingizi. Walitaka kukata tairi na kumwachia pembe zake, maana ulikuwa msimu wa mapenzi. Msumeno ukakutana na waya wa chuma ndani ya mpira, ukagoma. Ikabidi zikatwe pembe.

Alitua mzigo wa kilo 16 hivi: tairi, pembe, na takataka zilizojaa humo ndani. Dakika chache baadaye akasimama, akajikung'uta, akaingia msituni mwepesi kabisa, kipara, katika mwezi uleule ambao kila dume mwenzake alikuwa akitembea na taji kichwani.