Somo wa Gatini: Nimeichoka Meli Yangu, Nihame?

Nimezoea barua za "nimemchoka, nataka kuhama", na huwa najua bila kuuliza kwamba anayechokwa ni mume. Wiki hii waliochoka wamechoka meli. Sikuwa nimejiandaa, lakini kazi ya somo ni kujibu. Nimewapigia simu jamaa zangu wanaoishi majini, nimesoma masharti ya tiketi mpaka macho yakauma, na majibu ni haya. Asiyeridhika aende kwa mganga.

*Somo, shikamoo. Mimi ni muuguzi hapa Houston. Miaka yote tunasafiri na Royal Caribbean, tunaondokea Galveston, na sasa tumefika daraja la Diamond. Baba watoto ameona bei za MSC na kila usiku ananiwekea simu usoni. Roho yangu inakataa. Vinywaji vyangu vinne vya bure kila siku nitamwachia nani?*
*Mwaminifu Mwenye Mashaka*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na hivyo vinywaji vinne. Ili kufika Diamond unahitaji pointi 80, na kwa kawaida pointi moja ni usiku mmoja. Umelala baharini mara themanini, umelipia kila mara, na tuzo yako ni kahawa. Wenye daraja la juu kabisa, Pinnacle, wana pointi 700. Hata mama mkwe, ukimkalia kwake siku hizo zote, angekuandika kwenye urithi.

Hiyo hadhi unayoililia hata si mali yako. Ni yao, nao huibadilisha wapendavyo. Mwaka 2025 Carnival walitangaza kwamba watu hawatahesabiwa tena siku walizosafiri bali fedha walizotumia, na waliokuwa wamejikusanyia siku zao kwa miaka wakapiga kelele hadi wakapwelewa sauti. Usidhani upande wako hilo haliwezekani.

Halafu, kabla ya kulia kwamba unamsaliti mtu, mjue ni nani. Carnival ni mama wa Princess, Holland America, Cunard, Costa na AIDA. Kundi la Royal Caribbean lina Celebrity na Silversea. Norwegian wana Oceania na Regent. Wapo watu wanaohama kwa hasira, wanafunga virago, wanaapa hawarudi, kisha fedha zao zinaingia mfuko ule ule kwa mlango wa nyuma. Kwako hilo lina faida: hadhi yako ya Diamond inatambuliwa pia kwa Celebrity, kwa hiyo ukitaka kubadilisha hewa bila ugomvi, mlango upo.

MSC ndiyo nyumba nyingine kweli. Ni mali ya familia ya Aponte. Gianluigi Aponte alianza mwaka 1970 na meli moja, Patricia, kisha akanunua Rafaela akawa anabeba shehena kati ya Mediterania na Somalia. Yaani walianza kutajirika huku huku kwetu, na leo makao yao makuu yako Geneva, katika nchi isiyo na bahari hata ya kuoshea miguu. Herufi hizo tatu umeziona kwenye makontena tangu utotoni, Kilindini ama Kurasini. Mumeo hakupeleki kwa mgeni.

Tena hamna haja ya kupanda ndege. Tangu Novemba 2025, MSC Seascape inaondokea hapo hapo Galveston.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Watu wanalinganisha kampuni wakati wanaopanda ni meli. Icon of the Seas, iliyoanza kazi Januari 2024, ina tani 248,663, zaidi ya mara tano ya Titanic. Ina sitaha 20, na ikijaa hubeba abiria 7,600, wengi wao wakiwa na umri wa kuteleza kwenye maji wakipiga mayowe. Grandeur of the Seas ni ya kampuni hiyo hiyo, ya mwaka 1996, na ukubwa wake haufiki theluthi ya Icon. Ukitoka Grandeur ukaingia Icon umehama mji. Ukitoka Royal ukaingia MSC yenye ukubwa na umri sawa umehama mtaa tu: pitsa itakuwa tamu zaidi, matangazo yanaweza kurudiwa kwa lugha nyingine, na itakuchukua siku mbili kujua lifti ziko wapi.

Kuhusu bei, usiangalie ile anayokuonyesha baba watoto. Ile ni chambo. Ongeza bakshishi, ambayo kwenye meli za soko la Marekani ni kama dola 16 hadi 20 kwa kila mtu kwa kila siku. Kwa watu wawili na usiku saba, hizo ni dola 224 hadi 280 kabla hujaagiza hata soda. Ongeza intaneti. Ongeza maegesho ya gari. Kisha uliza kifurushi cha vinywaji, na hapo fungua macho: kampuni nyingi, yako ikiwemo, hazimruhusu mtu mzima mmoja anunue kifurushi cha pombe halafu mwenzake wa chumba hicho hicho asinunue. Mume akitaka bia zake, wewe wa juisi ya embe unalipia bia pia. Jumlisha yote, gawanya kwa idadi ya usiku, kisha fanyeni hivyo hivyo kwa kampuni ya pili. Mkimaliza mtaongea kama watu wazima.

MSC kwa miaka mingi wamekuwa na utaratibu wa kumpa mgeni daraja linalolingana na alilonalo kwingine. Omba kabla ya kulipa na usome masharti yake ya wakati huo. Na Diamond yako haiozi, pointi za Royal hazina tarehe ya mwisho. Nenda safari moja, onja, ukikasirika rudi. Kitu pekee ambacho hutakipata upande wa pili ni yule mhudumu wa kabini anayejua unalala na mito mitatu, aliyekukunjia taulo likawa tembo akalivisha miwani yako ya kusomea. Lakini hata yeye mkataba wake unaisha. Nitarudi kwake.

*Bi Somo, assalam alaykum. Niko Muscat na familia. Mama mkwe, mzaliwa wa Unguja, anatamani kusafiri baharini tena, lakini amesema hapandi chombo chenye pombe wala kamari. Mke wangu kanyamaza, ananitazama tu.*
*Mkwe Mtiifu*

Wa alaykum salaam. Mke akinyamaza hivyo, baba, tiketi ishakatwa, kilichobaki ni wewe kulipa.

Watakuambia mpeleke Disney. Ni kweli, meli za Disney hazina kasino. Lakini baa zipo, na nzuri sana. Utakuwa umetimiza sharti moja kati ya mawili, na mama mkwe hatoi nusu alama.

Unayoitafuta inaitwa Aroya, ya Saudi Arabia, iliyoanza safari zake Jeddah Desemba 2024. Pombe hakuna, kasino hakuna, pa kusalia papo, na wanawake wana sehemu zao. Nitakupa siri, ila isifike kwa mama: meli yenyewe imesilimu ukubwani. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 2017, ikaitwa World Dream, ikafanya kazi Asia pamoja na meza zake za kamari, mpaka kampuni iliyokuwa na meli hiyo ilipoanguka mwaka 2022. Wasaudi wakainunua, wakaisafisha, wakaipa jina jipya. Akikuuliza hapa palikuwa na nini zamani, wewe hujui.

Kabla ya kulipa, angalia magoti ya mama kuliko unavyoangalia bwawa la kuogelea. Omba kabini iliyo karibu na lifti. Na uliza kila bandari kwenye ratiba: meli inafunga gatini, au inatia nanga nje halafu watu wanashushwa kwa mashua? Kushuka mashuani bahari ikicheza, na mtu wa miaka sabini kashika buibui kwa mkono mmoja, si jambo la kulijua siku hiyo hiyo.

*Somo, mambo? Nasoma Leicester, paspoti yangu ya Tanzania. Washkaji wameachana na meli za Southampton, wanataka ya Mediterania: kupandia Barcelona, kupita Tunis, kushukia Marseille. Bei poa. Nilipie?*
*Msomi*

Mambo ni shikamoo, lakini marahaba.

Usilipe. Kibali chako cha Uingereza hakikuingizi Hispania. Unahitaji viza ya Schengen, na si yoyote: ya kuingia zaidi ya mara moja. Meli ikikupeleka Tunis umetoka Schengen, na ikielekea Marseille unaingia upya. Mwenye viza ya kuingia mara moja hakubaliwi kupanda hata hapo Barcelona, na fedha yake hairudi. Washkaji zako wenye paspoti za Uingereza hawajui haya kwa sababu hayajawahi kuwahusu.

Na kama una binamu Dallas, asikucheke. Raia wa Marekani anaweza kwenda Bahamas na kurudi bandari ile ile kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, lakini ruhusa hiyo ni ya raia. Na meli zile kubwa, kwa kuwa zinapeperusha bendera za kigeni, zinabanwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1886 isiyoziruhusu kusafirisha abiria baina ya bandari za Marekani peke yake, ndiyo maana lazima zikanyage ng'ambo kidogo. Kwa hiyo mwenye viza ya kuingia mara moja, au ambaye kesi yake ya ukimbizi haijaisha, amwone mwanasheria kwanza, meli baadaye.

*Somo, mimi ni mjane, niko Toronto. Kampuni yangu inanitoza kabini kama tuko wawili. Marehemu ana miaka mitatu kaburini.*
*Peke Yangu*

Pole sana, Mungu amrehemu. Wengi hufanya hivyo, kwa kuwa kabini huuzwa kwa hesabu ya vichwa viwili. Kuna wanaokupa na pointi mara mbili, kwa hiyo marehemu bado anakusanya.

Waangalie Norwegian. Mwaka 2010 waliitoa Norwegian Epic ikiwa na vyumba 128 vya mtu mmoja, na ukumbi wa wakaaji wa vyumba hivyo kukutana. Ni vidogo, kama futi 100 za mraba, na dirisha la bahari hakuna. Kama watoto wa watu wanakuchosha, Virgin Voyages hawapakii aliye chini ya miaka 18. Na kama ulikuwa unapenda dansi, kwenye Queen Mary 2 ya Cunard, kati ya Southampton na New York, wapo wanaume walioajiriwa kucheza na wanawake waliokuja bila mwenza. Wanacheza, wanainama, wanakurudisha kitini. Mimi mwenyewe nimeanza kuweka akiba.

*Somo, shikamoo. Mimi ni mhudumu wa kabini, kwetu Likoni. Nimemaliza mkataba wa miezi minane, niko nyumbani. Wakala mmoja wa mjini anasema atanihamishia kampuni bora, ada yake ni shilingi laki mbili, nilipe kabla ya Ijumaa.*
*Taulo la Tembo*

Marahaba, mwanangu. Ijumaa ikipita na laki mbili zako ziko mfukoni, shukuru.

Kuna Mkataba wa Kazi za Ubaharia wa mwaka 2006, na Kenya iliuridhia mwaka 2014. Unasema wazi kwamba baharia hatozwi ada ya kutafutiwa kazi. Unaweza kulipia cheti chako cha afya, kitabu cha baharia na paspoti. Basi. Hata gharama ya viza ni ya mwenye meli. Nenda kwa Mamlaka ya Bahari ya Kenya uulize kama huyo bwana ana leseni, na uone kama simu yake itaendelea kupatikana.

Wewe ndiye pekee wiki hii mwenye haki ya kuuliza kampuni ipi ni bora, na maswali yako si ya mabwawa. Mkataba ni miezi mingapi, na nauli ya kurudi nyumbani analipa nani? Bakshishi inayokatwa kwa abiria inakufikia, au ndiyo hiyo hiyo wanayoiita mshahara? Mnalala wangapi kabini? Vyumba vingapi kwa zamu? Ule Mkataba wa mwaka 2006 umeweka kikomo: saa 14 za kazi katika saa 24, na 72 kwa wiki, au nchi ichague kuhesabu mapumziko, yasiyopungua saa 10 kwa siku. Weka daftari lako mwenyewe la saa. Kwenye ile korido ndefu ya chini mnayoiita I-95 wanapita watu wa kila kampuni waliowahi kuhama. Waulize wao, hawakutozi.

Na wewe muuguzi wa Houston, kama bado unasoma: wapo abiria wanaokwenda kaunta usiku wa mwisho kuomba bakshishi ifutwe. Usiwe miongoni mwao. Nina jina lako.

*Somo, napanda boti kila wiki, Unguja hadi Dar. Kila wiki natapika. Nihamie boti za kampuni nyingine?*
*Tumbo Jepesi*

Ukihama, mwanangu, utatapikia bahari ile ile.

Acha kulipia daraja la juu. Juu ndiko kunakoyumba zaidi, kwa hiyo unaongeza fedha ili uumwe vizuri. Kaa chini, katikati kuelekea nyuma, tazama mbali nje na uiache simu. Miezi ya kusi, panda ya asubuhi upepo haujachachamaa. Usipande na tumbo tupu, wala usipande na urojo. Tafuna tangawizi. Mhudumu akipita na mifuko chukua miwili, mmoja wako, na mmoja wa yule jirani aliyekwisha kukuambia kwamba yeye bahari haimsumbui.