Milioni 970 na Mtu Kasimama Kituo cha Pili

Nimechoka kuambiwa ilikuwa bahati mbaya. Naishi San Diego, mtaa wa City Heights, ambako ukishuka ngazi asubuhi utaamkiwa kwa Kisomali, Kihispania na Kiswahili cha Uvira kabla hujafika kwenye gari. Mwaka 2023, kwa lugha zote hizo, niliambiwa jambo lile lile: Padres, timu yetu ya besiboli, ni nzuri, ila haina bahati. Mimi nimekulia Tanga. Kwetu timu ikivurunda, yupo aliyesababisha. Ni kocha, ni refa, ni kamati ya usajili iliyokula hela, au ni yule kipa anayedaka kwa macho. Bahati haina sura wala haina nyumba ya kwenda kupigia kelele usiku.

Hebu itazameni safu yenyewe. Manny Machado, mkataba wa miaka 11, dola milioni 350. Fernando Tatis Jr., miaka 14, milioni 340. Xander Bogaerts, miaka 11, milioni 280. Jumlisha hao watatu tu: milioni 970. Na hapo sijamgusa Juan Soto, aliyeletwa kutoka Washington Agosti 2022 kwa shangwe ya mapokezi ya mfalme. Katika besiboli yote ya Marekani, waliotuzidi mishahara mwaka ule walikuwa timu mbili za New York basi. Watu zaidi ya milioni tatu wakaingia uwanjani Petco Park msimu ule, mimi nikiwamo, na bei ya bia pale siisemi kwa sababu mke wangu husoma safu hii. Mechi 162 zikachezwa. Tukashinda 82, tukapoteza 80. Hata mtoto asiyejua besiboli anaona kwamba hapo pana mtu wa kuulizwa.

Shemeji yangu aliyeko Tanga ndiye aliyekuwa akiniuliza mimi.

"Shem, kwani huyo Soto hapewi mipira?"

"Anapewa, shem. Na wapinzani."

"Wapinzani wanampa mpira?"

"Mpira wanao wao. Sisi tunaoshambulia hatuna."

Kimya. Nadhani alikuwa anaangalia simu kama salio limekata.

Lakini ndivyo ulivyo mchezo huu, na ugonjwa wetu unaanzia hapo. Katika soka ukiwa na mtu mmoja hatari, mnamtafutia mpira dakika zote tisini. Huku, mrushaji wa wapinzani anasimama kwenye kichuguu chake cha udongo, anauvurumisha kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa au zaidi, na bwana wako wa milioni 350 ana gongo mkononi na chini ya nusu sekunde ya kuamua. Akipiga, au akikosa mara tatu, zamu yake imekwisha. Hapigi tena mpaka wenzake wanane wapite. Kila awamu mna watu watatu wa kupoteza. Wakishatolewa hao, awamu imefungwa, na aliyekuwa kituo cha tatu, mita 27 tu kutoka nyumbani, anaambiwa arudi benchi. Safari yake haihesabiwi hata kidogo. Mkimbio ni kuzunguka vituo vyote mpaka nyumbani; hakuna nusu yake.

Halafu kuna hesabu. Mpigaji anayefanikiwa mara tatu katika kumi huku anaitwa hodari. Chukua mahodari watatu wa aina hiyo uwaombe wapige mfululizo: tatu ya kumi, mara tatu ya kumi, mara tatu ya kumi. Jibu ni mara 27 katika 1,000. Nilipiga hesabu hiyo nyuma ya stakabadhi ya maegesho ya uwanjani, na stakabadhi yenyewe ilikuwa na namba ya kutisha zaidi. Timu inaweza kupiga mipigo tisa safi, mmoja kila awamu, ikarudi nyumbani na sifuri. Wenzao wakapiga mitatu tu katika awamu moja, wakalala washindi. Kipaji unakinunua. Kwamba vipaji vitatu viamke dakika ile ile, hilo hakuna wakala anayeliuza.

Soto ndiye aliyenimaliza. Huyu bwana haguswi na mpira mbaya. Ukirushwa nje kidogo anautazama tu, anachezesha mabega, anamkazia macho mrushaji. Ikifika minne mibaya anatembea bure kwenda kituo cha kwanza. Msimu ule alitembea mara 132; hakuna aliyemfikia katika ligi nzima. Wataalamu wanasema hiyo ni thamani kubwa, nami nakubali, maana aliye kituoni hajatolewa. Lakini baada ya kutembea, anasimama pale. Anafuata mwingine, naye labda anafika. Vituo vinajaa. Na miezi ya mwanzo ya msimu ule, wakati kupiga kwetu watu wakiwa wamekaribia nyumbani kulikuwa mkiani mwa ligi, vituo vya Padres vilikuwa kama vya Mbagala jioni ya mvua: abiria wamejaa, gari halipiti.

Nisingelalamika sana kama si awamu ya kumi. Tangu 2020 kuna kanuni kwamba mechi ya msimu wa kawaida ikiisha kwa sare, kila timu inaanza kila awamu ya nyongeza ikiwa na mtu kwenye kituo cha pili. Wa bure! Hajapiga, hajakimbia, wala hajatoka jasho. Anatoka benchi kwa miguu yake na kusimama nusu ya safari kabla hata mpira haujarushwa. Inatakiwa mtu mmoja tu apige pigo moja la maana, jamaa atimue mbio aje nyumbani, twende zetu tukalale.

Nilikuwa juu kabisa, viti vya watu wa mshahara wangu, upande unaotazamana na lile jengo la matofali la mwaka 1909 ambalo uwanja ulipojengwa waliliacha limesimama pembeni. Zamu yetu ya kupiga, awamu ya kumi, sare. Mtu kituo cha pili. Wa kwanza akaupiga chini, ukajiviringisha mpaka miguuni kwa mlinzi, ambaye hakulazimika hata kunyanyua kisigino. Wa pili akaupeleka juu, juu sana, uwanja mzima tukasimama mikono kichwani, nao ukashuka taratibu ndani ya glavu. Wa tatu alipunga gongo kwa nguvu za kuangusha mnazi. Mpira ulikuwa umeshapita. Akapunga tena, na tena. Ulikuwa umepita tena. Yule wa kituo cha pili akavua kofia yake ngumu, akajipangusa vumbi ambalo hakuwa nalo, akarudi benchi.

Mechi za nyongeza msimu ule tulishinda 2, tukapoteza 12. Na mechi zilizoamuliwa na mkimbio mmoja tu tulishinda 9, tukapoteza 23. Mzee mmoja wa Uvira ninayekaa naye ukuta kwa ukuta aliitazama moja mpaka mwisho, akavuta pumzi. "Papa, hawa batu bote banalipwa? Hata ule wa kusimama?" Nikamwambia huyo wa kusimama ndiye anayelipwa zaidi.

Sasa linaloniuma kuliko yote ni hili. Ukijumlisha msimu mzima, safu hii haikuwa butu! Tulifunga mikimbio 752, tukafungwa 648. Ziada ya 104. Kuna kanuni aliyoibuni Bill James, mtaalamu wa takwimu za besiboli, inachukua mikimbio ya kufunga na ya kufungwa inakwambia ulistahili kushinda mara ngapi. Kwetu inatoa 92. Na tulikuwa na Blake Snell, aliyetwaa tuzo ya Cy Young, yaani mrushaji bora wa upande wetu wa ligi. Mikimbio ilikuwapo tele, ila iliangushwa siku ambayo haikuhitajika. Jumanne tunawatandika watu mpaka watangazaji wanaona aibu. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa tunatafuta mkimbio mmoja kwa tochi. Mwenye kuwagawia hesabu hakuwapo kazini.

Wakati huo huo Arizona Diamondbacks walishinda mechi 84, mbili tu zaidi yetu. Walifunga 746 wakafungwa 761. Walikuwa na deni! Wakaingia kwenye mtoano kwa mlango wa nyuma, wakacheza fainali ya dunia. Nilimweleza shemeji, akasema hao lazima wana mganga. Kwa mara ya kwanza tangu anioze dada yake, sikuwa na la kumpinga.

Kazini kwangu wana nadharia kwamba mastaa walijaa, kila mmoja akataka kuwa ndiye, akawa anataka kuupeleka mpira jukwaani pale ambapo pigo fupi lingetosha. Nusu yake naiamini. Niliona kwa macho yangu gongo likizungushwa na mtu aliyeshajiona kwenye gazeti la kesho. Watu wa takwimu wanasema hapana, mambo ya namna hiyo hujisawazisha yenyewe ukiyapa muda. Mechi 162! Wanataka muda gani mwingine? Nilikuwa tayari kumdai kichwa kocha, Bob Melvin, ila hata hiyo raha sikuipata: aliondoka kwa amani kwenda kuinoa San Francisco Giants. Desemba klabu ikamuuza Soto kwa Yankees wa New York. Nikasema haya, sasa tumekwisha.

Msimu wa 2024, bila Soto, tukashinda 93. Luis Arraez, ambaye kazi yake ni vipigo vifupi visivyomtisha mtu, akawa kinara wa wastani wa kupiga upande wetu wa ligi. Tukaingia mtoano, tukakutana na Dodgers, tukawa tunaongoza kwa michezo miwili kwa mmoja. Katika ule wa tatu tulifunga mikimbio sita kwa mpigo katika awamu ya pili. Nilimpigia shemeji nikiimba. Baada ya hapo hatukufunga tena. Siyo siku ile tu: awamu 24 zilizobaki za mfululizo ule, sifuri, mpaka tukatolewa.

Wiki moja hivi baadaye nikawasha televisheni kuwatazama Yankees wakicheza na Cleveland. Sare, awamu ya kumi, watu wawili vituoni, na aliyekuwa anakanyaga udongo na kuchezesha mabega ni Juan Soto. Aliupeleka jukwaani. Mikimbio mitatu, Yankees fainali.

Simu ya kutoka Tanga ililia kabla hajamaliza kuzunguka vituo. Sikuipokea.