Naomba Mkaguzi Aje Munigi

Kwa Wakuu wa Kampuni ya Programu Isomayo Skrini,
Marekani.

Waheshimiwa,

Nipo Munigi, karibu na Goma, Kongo, chini ya volkano ya Nyiragongo. Jina lenu silitaji, kwani kila kipofu mwenye kompyuta anawajua. Hata barua hii naiandika huku sauti yenu ikinisomea. Sauti ya Kiswahili humo sina, kwa hiyo ananisomea Mfaransa: "habari" inatoka "abari", Munigi inakuwa "Miniji", na "Mungu" anasikika kama "mengi". Tumezoeana.

Nawaandikia kuhusu lile swali lenu. Kila nikitaka leseni mnaniuliza: ya nyumbani au ya kitaalamu? Zamani ile ya kwanza mliiita ya kawaida, mkaiuza dola 895, na ya kitaalamu 1,095. Majina na bei vimebadilika, swali liko palepale. Ya nyumbani ni ya mtu binafsi asiyefanya biashara. Anayetafuta riziki aongeze pesa.

Mimi huchapia watu barua. Nina chumba kimoja cha mbao juu ya mawe meusi, na ndani yake kitanda, meza na kompyuta. Nyumbani ni hapo, na kazini ni hapohapo. Basi kwa unyenyekevu mkubwa naomba mnitumie mkaguzi.

Aje na chokaa na futi. Achore mstari katikati ya chumba, kitanda kibaki nyumbani, meza iende kazini. Kiti kitamsumbua, maana miguu miwili itakuwa huku na miwili kule. Hapo atumie utaalamu wake. Kisha akae siku tatu apokee wateja pamoja nami. Kuna mama jirani ambaye hunijia na barua za kumwandikia shefu wa kartie, ugomvi wa mpaka wa kiwanja. Akinilipa franka 1,000, ni biashara, sibishi. Je, akileta fungu la sombe, majani ya muhogo? Nadhani sombe ya majani mazima tuihesabu ya nyumbani, na iliyokwisha kutwangwa iwe ya kitaalamu, kwa kuwa kazi imefanyika. Lakini mkaguzi aonje kwanza. Na siku ambayo mama hana kitu, akasema tu "Mungu akulipe baba", hilo deni liandikwe wapi? Mungu naye ana leseni ipi?

Alete pia maelezo ya neno "nyumbani". Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka hadi huku kwetu Munigi. Tarehe 22 Mei 2021 ukamwaga tena, nikakimbia na kompyuta mgongoni. Vita navyo mmesikia. Nilipochapa barua chini ya turubai la watu wengine, nilikuwa nyumbani?

Viatu avae vigumu, mawe haya yanakula soli. Apitie Gisenyi, upande wa Rwanda. Leseni nayo ailete mkononi, kwani mnataka kadi ya benki, na benki za Goma zilifunga milango Januari 2025.

Fundi cherehani wa hapa jirani ana miwani. Anaivaa akishona suruali ya mteja, anaivaa akitafuta viroboto kitandani, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kwa suruali aongeze dola. Mwenye macho akinunua kompyuta, ameshanunua. Mimi naambiwa ninunue tena ili niisikie, kwa bei inayoweza kuipita kompyuta yenyewe, na nikithubutu kula kwa jasho langu bei inapanda. Mlichora kipofu wenu amekaa sebuleni anasikiliza habari huku wengine wakimlisha. Huyo ndiye mliyempunguzia bei. Mimi mnanitoza faini kwa kuamka asubuhi.

Samahani waheshimiwa. Nilipandisha sauti.

Msinishauri nihamie NVDA, programu nyingine isomayo skrini, ninayo. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kipofu wa Australia. Ni ya bure, inasema Kiswahili japo kwa sauti ya bati, na haijawahi kuniuliza nimekaa wapi. Lakini ofisi niliyoomba kazi mjini ilitaka mtu wa programu yenu, tena aje na leseni yake. Ya kitaalamu, bila shaka. Niliwatajia sheria ya nchi ya Mei 2022 kuhusu sisi wenye ulemavu. Walinipongeza kwa kuijua.

Ombi la mwisho ni dogo. Kwa kuwa sina leseni, naizoea programu yenu kwa zile dakika 40 za majaribio; zikiisha, sauti isikatike kama mtu aliyekabwa, hadi nizime mashine na kuiwasha upya. Juzi ilininyamazia nikiwa nimefika "Mimi ninayetia sahihi hapa chini". Angalau iage.

Wenu katika kusubiri,
Mchapaji wa Munigi.

N.B. Yule mama yuko mlangoni. Sombe ameshaitwanga. Nimpokee, au nimsubirishe hadi mkaguzi afike?